Kuandikishwa si Kujumuishwa: Mwongozo kwa Walimu Wakuu na Kamati za Shule

Tangu Januari 2016, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoanza kutekelezwa na michango ya lazima kuondolewa katika shule za umma za Tanzania Bara, madarasa yamepokea watoto ambao zamani wengi wao wasingefika kabisa: mtoto wa mfugaji asiyejua Kiswahili, mtoto mwenye uoni hafifu aliyekuwa akiachwa nyumbani na bibi, binti wa kaya ambayo mchango wa dawati ulikuwa mzigo kwake. Mlango umefunguka, na swali lililobaki ni la ndani ya mlango. Jina la mtoto linaweza kuitwa kila asubuhi kwa miaka mingi, naye akaitika, lakini asiulizwe swali hata moja darasani wala asipate wa kucheza naye saa ya mapumziko.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu mkuu na wajumbe wa kamati ya shule ya msingi ya umma, ile ya kawaida kabisa, yenye walimu wachache, darasa la kwanza lililofurika na ruzuku isiyotosha. Sitaanza na siku ya mavazi ya makabila wala na maandishi ya usawa ukutani, kwa sababu nimewahi kufika katika shule iliyokuwa na vyote viwili, na bado mtoto wake pekee mwenye ualbino alikuwa akinywa uji nyuma ya stoo. Nitaanza na daftari la mahudhurio.

Hesabu wasiokuwepo

Chukueni madaftari ya mahudhurio ya mwezi uliopita, darasa kwa darasa, na muandike majina ya watoto waliokosa siku tano au zaidi. Kisha kaeni na walimu wa madarasa muulizane sababu ya kila jina, bila kuridhika na neno "utoro", ambalo katika shule zetu limekuwa gunia la kutupia kila kitu. Mtoto anayekosa kila siku ya mnada huenda ndiye anayebaki na mifugo wazazi wakienda mnadani. Binti anayekosa siku tatu au nne kila mwezi huenda hana taulo za kike, au anajua kwamba choo cha shule hakina komeo wala maji. Anayekosa siku za mvua huenda anavuka korongo. Sababu zikishaandikwa mtaona, pengine kwa mshangao, kwamba kundi fulani lina majina mengi kwenye orodha kuliko wingi wake shuleni, na hilo ndilo kundi la kuanza nalo.

Orodha ya pili ni ngumu zaidi, maana ni ya watoto wasiokuwa katika daftari lolote. Hapa mwalimu peke yake hafiki mbali. Mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, katekista na imamu ndio wanaozijua kaya zenye mtoto asiyetoka nje. Nendeni wawili wawili, bila msafara, na siku ya kwanza msitoe karatasi wala kalamu. Mzazi anayemficha mtoto mwenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hafanyi hivyo kwa ujinga: mauaji na ukatwaji wa viungo uliotikisa nchi katika miaka ya 2007 na 2008 haujasahaulika, na ndio uliozifanya shule kama Buhangija ya Shinyanga na Mitindo ya Misungwi zigeuke kimbilio. Ukimhubiria mzazi huyo haki ya elimu kabla ya kumweleza mtoto wake atakwenda shuleni na nani na kurudi na nani, umepoteza safari. Pangeni kwanza watoto wa kitongoji kimoja watembee pamoja, wakiwa na mtu mzima ambaye familia yenyewe imemkubali, ndipo mzungumzie uandikishaji.

Maneno yanayotumika shuleni

Kiswahili chenyewe kina historia yake katika jambo hili. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: umbo la majina haya ni la KI-VI, sawa na kikapu na kiatu, ingawa katika sentensi tunayapatanisha kama majina ya watu. Leo walimu wengi husema mtoto asiyeona, mtoto mwenye ulemavu wa viungo, mtoto mwenye ualbino, na wamefanya vyema kuliacha neno "zeruzeru", ambalo kwa anayeitwa hivyo ni tusi. Hata hivyo, jambo hili lisiamuliwe bila kuwauliza wenyewe. Viziwi wa nchi hii wamelishika neno lao, na chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Linalowaudhi ni "bubu". Kanuni rahisi kwa walimu ni kwamba kila mtoto anaitwa kwa jina lake, na sifa ya mwili hutajwa pale tu inapohusika na msaada anaouhitaji. Kanuni hiyo imbane mwalimu kwanza, kwa sababu jina la utani lililotoka kinywani mwa mwalimu humfuata mtoto hadi anamaliza shule.

Kuhusu utani wa makabila nina maoni yangu. Ni mali yetu, na sitamshauri mtu yeyote aufute. Mpare na Mchaga, Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana hata msibani, na kila upande una haki ya kujibu. Kipimo chake ni hicho. Mtoto mmoja wa Kihadzabe katika darasa la watoto sitini wa makabila mengine hana mtani hata mmoja, ana wachekaji sitini. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto aliyehama kutoka Katumba, Mishamo au Ulyankulu, ambaye jamaa zake waliotoka Burundi mwaka 1972 walipewa uraia wa Tanzania, halafu wenzake wanamwita mkimbizi. Mwalimu akisikia maneno ya namna hiyo asiyapitishe kwa kisingizio cha utani, wala asimwite mtoto mbele ya darasa amtetee, maana kumtetea hadharani ni kumwonyesha kidole mara ya pili. Awaite wachekaji kando.

Ndani ya darasa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji fedha.

Anzeni na macho na masikio. Katika watoto wanaoitwa wazito wamo ambao hawauoni ubao, na wamo ambao sikio lao limekuwa likitoka usaha tangu utotoni. Mwanzoni mwa mwaka, kila mwalimu wa darasa amsimamishe mtoto hatua kadhaa kutoka ubaoni, amfunike jicho moja kisha jingine, na amtake asome au aonyeshe kwa mkono herufi zilizoandikwa. Kisha asimame nyuma yake na kumwita kwa sauti ya chini. Hili si tendo la kitabibu na lisichukuliwe hivyo. Kazi yake ni kupata majina ya kupeleka kituo cha afya na kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye ndiye wa kuulizwa kuhusu upimaji kamili na vifaa.

Mtoto mwenye ualbino karibu siku zote ana uoni hafifu, na mwanga mkali humuumiza macho. Kumkalisha mbele hakutoshi ikiwa mbele hapo anatazamana na dirisha. Akae mbele, dirisha likiwa nyuma au ubavuni mwake. Aruhusiwe kusogea hadi ubaoni bila kuomba kila mara, na kukishika kitabu karibu na uso bila kuambiwa akae vizuri. Mwalimu atamke kila anachokiandika, tena kwa maneno kamili: si "hii tukiijumlisha na hii", bali "saba tukiijumlisha na tisa". Tabia hii moja inamsaidia asiyeona vizuri, aliyekaa nyuma ya watoto tisini, na hata anayeona vizuri lakini bado hajajua kusoma. Ubao ulioparara na kugeuka kijivu upakwe rangi upya, maana hapo hata chaki nzuri haionekani.

Jua ni adui wa pili wa mtoto huyo, na madhara yake ni saratani ya ngozi. Kofia pana na shati la mikono mirefu viingizwe katika taratibu za sare kwa maandishi, ili mwalimu wa zamu asije akaivua kofia hiyo mstarini kwa kudhani ni utundu. Asimamishwe kivulini mstari unapokuwa mrefu, na kazi za shamba apangiwe asubuhi sana au apewe kazi nyingine yenye uzito uleule, si kuambiwa tu akae. Michezo vilevile: shule ibadili saa ya mechi, isimwondoe mtoto kwenye timu. Losheni ya kuzuia mionzi ya jua si kipodozi. Kule Moshi, KCMC wanatengeneza iitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino, na kamati inaweza kuuliza katika hospitali ya wilaya namna ya kuipata losheni ya aina hiyo.

Katika mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na za nukta nundu kwa wasioona. Shule nyingi hulikumbuka hilo mtoto akiwa tayari darasa la saba. Tumieni nyongeza hiyo hiyo katika majaribio ya kila mwezi tangu madarasa ya chini, ili mtihani wa Hisabati wa saa mbili umpe dakika zake 40 bila kunung'unikiwa na wenzake, na hakikisheni taarifa za mtoto zinajazwa sawasawa wakati wa kumsajili. Mtoto ambaye uhitaji wake haukuandikwa katika usajili hawezi kutegemea kwamba karatasi ya maandishi makubwa itamfikia.

Kuhusu mtoto kiziwi, nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi. Kumweka mtoto mmoja kiziwi katika shule ambayo hakuna mtu anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania si ujumuishi, hata kama amekaa dawati la mbele. Lugha haiokotwi kwa kutazama midomo ya mwalimu aliyegeukia ubao. Mtoto huyo anahitaji wenzake wa kuzungumza nao na mwalimu aliyefunzwa, ambao hupatikana katika shule ya viziwi kama ile ya Tabora, iliyokuwapo tangu 1963, au katika shule ya kawaida yenye kitengo chenye watoto viziwi wengi na walimu wa elimu maalumu, wakiwamo waliopitia Chuo cha Ualimu Patandi. Ikiwa safari ya huko haiwezekani mwaka huu, basi darasa zima lijifunze alama, kuanzia na salamu, majina ya wenzake, nambari na mambo ya kila siku kama maji, choo na uji. Watoto hushika upesi kuliko walimu. Lakini hiyo ni hatua ya kusubiria, na kamati isijiridhishe nayo.

Mtoto aliyelelewa kwa Kimaasai, Kiiraqw au Kihadza naye hukaa kimya wiki za kwanza, na kimya chake mara nyingi huandikwa kuwa ni uzito wa akili. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili na hakuna anayepinga. Hata hivyo hakuna waraka unaomkataza mwalimu kumwita mwanafunzi wa darasa la sita amweleze mdogo wake, kwa lugha ya nyumbani, choo kiko wapi na kengele ina maana gani. Mwalimu naye ajifunze kusalimia kwa lugha hiyo. Kumchapa mtoto kwa sababu ametamka neno la nyumbani kwao kunamfundisha jambo moja tu, kunyamaza.

Majengo na vyoo

Ngazi moja yenye kimo cha sentimita 30 inahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa mita 3.6, kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili kinachotumiwa sana na wajenzi; fundi akikujengea ya mita moja, amekujengea ya kuteremshia magunia. Pimeni mlango kwa kiti mwendo chenyewe, si kwa macho, na kizingiti kiondolewe. Kiwango cha vyoo shuleni ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, na ingawa shule nyingi ziko mbali na hapo, kuweka komeo, ndoo ya maji na chombo chenye mfuniko katika tundu moja la wasichana hakusubiri bajeti ya halmashauri.

Michango, sare na ibada

Hakuna kinachomtenga mtoto haraka kama jina lake kusomwa mstarini kwa sababu mzazi wake hajatoa mchango wa uji. Nilisimama katika mistari hiyo nikiwa mwalimu kijana, na majina hayo niliyasoma mimi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba watoto niliowasoma Jumatatu ndio waliokosekana Jumanne, na kwamba wala hatukuwahi kupata debe moja la mahindi kwa njia ile. Deni la mzazi lizungumzwe na mzazi mwenyewe. Mkutano wa wazazi ukubaliane chakula kichangwe kwa mahindi, maharage, kuni, maji au siku ya kufanya kazi jikoni, kila kaya kwa kadiri yake. Daftari la michango likae kwa mtunza hazina wa kamati. Na mtoto apewe uji pamoja na wenzake, katika foleni moja na kikombe cha aina moja, iwe mzazi ametoa au hajatoa. Sare iliyochakaa ishughulikiwe vivyo hivyo. Shule inaweza kukusanya sare za wanaomaliza darasa la saba mwezi Septemba na kuzigawa kimya kimya Januari.

Katika ibada, mgongano mwingi hutokana na ratiba, si imani. Kabla ratiba ya mwaka haijabandikwa, wekeni kalenda tatu pamoja: ya Wizara, ya Kiislamu na ya makanisa ya eneo lenu. Mitihani ya ndani isiangukie Idd, wala mchana wa Ijumaa. Mbio ndefu na kazi ngumu za shamba zipunguzwe mwezi wa Ramadhani kwa wanaofunga, na wasiofunga wasinyimwe uji wao kwa sababu hiyo. Masomo ya ziada ya Jumamosi, ambayo shule nyingi huyaona jambo dogo, humweka mtoto wa Kisabato njia panda kila wiki; hamishieni somo jipya siku nyingine, Jumamosi ibaki ya marudio, kisha apatiwe mazoezi hayo. Rangi na mshono wa hijabu vitajwe katika taratibu za sare kama vinavyotajwa vya sketi, ili mwalimu yeyote asipate nafasi ya kubishana getini. Kipindi cha dini kipewe chumba na muda kwa kila kundi lenye mwalimu, na mtoto wa dini yenye wafuasi wachache asigeuzwe mfagizi wa uwanja wakati wenzake wanasoma.

Binti aliyejifungua akarudi

Hadi Novemba 2021 binti aliyepata ujauzito alikuwa akipoteza nafasi yake katika shule ya umma. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo uliruhusu kurejea kwa wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo. Mwalimu mkuu atakayesubiri binti aje mwenyewe atasubiri sana, kwa kuwa binti hana hakika atapokelewa, na mama yake huenda ameshaanza kuzungumza habari za kumwozesha. Mwalimu wa malezi na unasihi aende nyumbani, aulize nani atabaki na mtoto mchanga, na wakubaliane tarehe. Walimu wote waambiwe kabla hajafika kwamba hatatumika kama mfano katika somo lolote, si la sayansi wala la maadili. Kama ananyonyesha, ruhusa ya saa ya mapumziko ipangwe kimya baina yake na mwalimu wa darasa. Nimemwona mwalimu mwema kabisa akimpongeza binti wa namna hiyo mbele ya darasa kwa ujasiri wake wa kurudi. Kesho yake hakuja.

Mzazi anayepinga

Upinzani utatokea, na mara nyingi hutoka kwa mzazi mwenye mtoto asiye na tatizo lolote. Wa kwanza nchini kwetu huwa ni juu ya kifafa: "mwanangu asikae naye dawati moja, ataambukizwa povu." Jibuni kwa ukweli na kwa utulivu, ikiwezekana kwa kinywa cha muuguzi wa zahanati aliyealikwa mkutanoni, kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu wala kwa kugusana. Kisha waonyesheni watu wote, walimu, wazazi na viranja, la kufanya mtoto anapoanguka: ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, usitie kijiko wala kidole kinywani, mtetemo ukipungua mlaze kwa ubavu, kaa naye mpaka fahamu zimrudie, na mtetemo ukizidi dakika tano apelekwe hospitali. Mzazi aliyefanya zoezi hilo kwa mikono yake mbele ya wenzake hubaki na hoja chache.

Mpinzani wa pili husema watoto wenye mahitaji maalumu watashusha wastani wa shule. Huyu msimpuuze, kwa maana anasema kwa sauti wanayoyawaza walimu wengine kimya kimya, hasa shule inapopangwa kwa ufaulu. Mwonyesheni daftari la mwanawe kabla na baada ya mwalimu kuanza kutamka anachokiandika na kuuliza maswali hadi safu ya nyuma, maana mbinu hizo humfaa naye.

Kufuatilia

Kila mwisho wa muhula rudieni ile orodha ya kwanza, na mjumbe mmoja wa kamati asiyekuwa mwalimu akae shuleni siku nzima akiandika mambo manne: nani aliitwa ubaoni, nani alichezea timu gani, nani alikula na nani, na viranja wanatoka kundi gani. Alichokiona akisome katika kikao, kitiwe katika muhtasari pamoja na majina ya waliokabidhiwa kazi na tarehe ya kuikamilisha, na kikao kinachofuata kisifunguliwe kwa ajenda nyingine yoyote kabla tarehe hizo hazijasomwa.